Mwalimu, Mdudu na Istilahi: Historia ya Kuwaandaa Walimu wa Shule za Msingi Kufundisha Elimu ya Viumbe kwa Kiswahili nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili katika elimu kwa kawaida husimuliwa kupitia kamati, kamusi na matamko ya sera. Huelezwa kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, kwamba Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule ya msingi mwaka 1967, na kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Matukio haya ni muhimu na yamekwisha kuandikwa mara nyingi. Hata hivyo, kati ya kamusi na mtoto aliyeketi darasani yupo mtu ambaye historia hiyo humtaja kwa nadra, naye ni mwanachuo wa ualimu. Yeye ndiye anayetarajiwa kusimama mbele ya wanafunzi sitini au zaidi, akiwa na kipande cha chaki na pengine mtungi wa maji yenye viluwiluwi, na kueleza kwa Kiswahili kwamba popo si ndege na kwamba buibui si mdudu.

Mhadhara huu unachunguza jinsi walimu hao walivyoandaliwa kufundisha elimu ya viumbe, hususan elimu ya wanyama, tangu kipindi cha ukoloni wa Mwingereza hadi miaka ya karibuni. Hoja inayotetewa ni kwamba lugha ya sayansi haikuenezwa na kamusi pekee. Ilienea, au ilishindwa kuenea, kulingana na namna mwalimu alivyofunzwa. Pale ambapo mwanachuo alipewa kiumbe, neno na njia ya kuuliza kwa wakati mmoja, istilahi ingeweza kutia mizizi. Pale ambapo alipewa kimoja na kunyimwa vingine, istilahi ilibaki kuwa neno la kukariri. Kwa sababu hiyo, chuo cha ualimu kinastahili kuhesabiwa miongoni mwa asasi zilizojenga Kiswahili cha kisasa.

2.0 Uainishaji wa Viumbe katika Lugha Yenyewe

Mtoto anayeanza shule nchini Tanzania haji darasani akiwa mtupu. Anakuja na majina ya viumbe na, muhimu zaidi, anakuja na mpangilio wa viumbe ambao lugha imekwisha kumpa. Kiswahili kina makundi makuu yanayojulikana na kila msemaji: mnyama, ndege, samaki na mdudu. Makundi haya yana mantiki yake. Yanamweka kiumbe mahali pake kwa kuangalia anaishi wapi, anakwendaje na ana uhusiano gani na binadamu. Popo anaruka, kwa hiyo anaelekea kuwekwa karibu na ndege. Nyangumi anaishi baharini na ana umbo la samaki, kwa hiyo wengi humhesabu kuwa samaki. Kasa, pomboo na nguva hukutana katika maji yaleyale, ingawa wa kwanza ni reptilia anayetaga mayai ufukoni na wawili wa mwisho ni mamalia wanaonyonyesha.

Neno mdudu linaonesha tatizo hili kwa uwazi zaidi. Katika matumizi ya kila siku linawajumuisha nzi, mende, buibui, nge, tandu, jongoo, kupe na mnyoo. Baadhi ya watu humwita hata nyoka mdudu. Maradhi ya kidole yanayovimbisha na kuuma huitwa mdudu vilevile, na viini vya maradhi visivyoonekana kwa macho viliitwa vijidudu kwa miaka mingi kabla ya maneno bakteria na vimelea kuzoeleka. Sayansi inadai jambo tofauti kabisa: mdudu ni kiumbe mwenye miguu sita na mwili wenye sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo. Kwa kanuni hiyo, buibui mwenye miguu minane anatoka, nge anatoka, kupe aliyekomaa anatoka, na jongoo anatoka pia. Mwalimu anapofundisha somo hili hafundishi neno jipya. Anachukua neno ambalo mtoto amelitumia maisha yake yote na kulipunguza maana. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kufundisha neno la kigeni, kwa kuwa neno la kigeni halina mpinzani kichwani mwa mwanafunzi.

Ipo pia hali iliyo kinyume, ambapo lugha inatenganisha kile ambacho sayansi inakiunganisha. Mchwa anayekula mbao za nyumba na kumbikumbi anayeruka baada ya mvua ni viumbe wa kichuguu kimoja, lakini majina yao hayaoneshi undugu huo, na mmoja ni adui wa nyumba ilhali mwingine ni kitoweo. Kwa upande wa pili, neno kiluwiluwi humtaja mtoto wa chura na pia mtoto wa mbu. Wote wawili huishi majini na wote hubadilika umbo, lakini mmoja atakuwa amfibia mwenye uti wa mgongo na mwingine atakuwa mdudu mwenye mabawa mawili. Maneno buu na funza nayo huingiliana, kwani funza ni yule anayeingia katika kidole cha mguu na pia, kwa wasemaji wengi, ni yule anayeonekana katika nyama iliyooza.

Sarufi nayo ina uainishaji wake. Mnyama wa aina yoyote, hata jina lake likianza kwa ki-, huchukua upatanisho wa viumbe hai: kipepeo ameruka, kinyonga amejificha. Mmea hauchukui upatanisho huo: mwembe umekufa, mchungwa umezaa. Mwalimu anapowaambia wanafunzi kwamba mmea ni kiumbe hai unaokula, unaopumua na unaozaliana, sarufi anayoitumia katika sentensi hiyohiyo inauweka mmea pamoja na mkoba na mlango. Hata vitabu vimesita katika jambo hili, kwani baadhi huandika viumbe hai wanapumua na vingine huandika viumbe hai vinapumua. Vivyo hivyo, wapo wanaoandika bakteria wanaosababisha ugonjwa na wapo wanaoandika bakteria inayosababisha ugonjwa. Virusi, kwa bahati ya sauti yake ya mwanzo, limeingizwa katika ngeli ya ki-vi na hata kupewa umoja wake, kirusi. Mambo haya si kasoro za Kiswahili. Kila lugha ina uainishaji wake uliotangulia sayansi. Yanaonesha tu kwamba mwalimu wa elimu ya viumbe ni mwalimu wa lugha pia, apende asipende.

3.0 Biolojia na Usanifishaji: Njia Mbili Zisizokutana, 1924–1939

Wazo la kuifanya elimu ya viumbe kuwa msingi wa elimu ya Mwafrika lilipata nguvu katika miaka ya 1920. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na katika taarifa yake ilisisitiza afya, kilimo na mazingira ya kijiji. Mwaka 1925 mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam chini ya utawala wa Gavana Donald Cameron, na nafasi ya Kiswahili katika shule za Tanganyika ikathibitishwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Mwaka uliofuata, 1929, Ofisi ya Makoloni ya Uingereza ilimtuma mwanabiolojia Julian Huxley kuja Afrika Mashariki kuchunguza nafasi ya biolojia katika elimu ya Waafrika. Huxley, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO, alitoa ripoti yake mwaka 1930. Alipendekeza kwamba biolojia isiwe somo la pembeni bali kiini cha mtaala, kwa kuwa maisha ya wakulima na wafugaji yalitegemea mimea, wanyama, wadudu waharibifu na viini vya maradhi. Hoja hiyo ilikuwa nzito katika nchi ambayo mbung'o waliwazuia watu kufuga ng'ombe katika maeneo makubwa na ambayo nzige waliweza kumaliza mazao ya wilaya nzima.

Ni jambo la kutafakariwa kwamba ripoti hiyo ilitoka mwaka uleule ambao Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi, huku Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kamati ilishughulikia tahajia, sarufi, uhakiki wa vitabu na kamusi. Mwaka 1939 ilipata matunda makubwa kwa kuchapishwa kwa kamusi mbili, ya Kiswahili kwa Kiingereza na ya Kiingereza kwa Kiswahili. Katika miaka hiyohiyo kamusi ya padri Charles Sacleux, mmisionari aliyekuwa pia mkusanyaji wa mimea, ilikuwa ikichapishwa nchini Ufaransa, ikiwa na hazina kubwa ya majina ya samaki, ndege na miti ya pwani. Lakini kamusi hiyo ilifafanuliwa kwa Kifaransa, na kamusi za Kamati zilifafanuliwa kwa Kiingereza. Zilimsaidia mgeni kuielewa lugha ya mwenyeji, wala hazikukusudiwa kumsaidia mwalimu Mwafrika kueleza tofauti ya reptilia na amfibia kwa Kiswahili.

Hivyo njia mbili zilipita karibu bila kukutana. Upande mmoja ulitaka biolojia kwa kila mtoto. Upande mwingine ulitaka Kiswahili kimoja kwa kila shule. Swali la biolojia kwa Kiswahili halikuwa la upande wowote. Katika shule za Tanganyika Kiswahili kilitumika katika madarasa ya mwanzo, na madarasa ya juu yalihamia Kiingereza. Matokeo yake yalikuwa kwamba Kiswahili kilitosheka na mafunzo ya usafi, bustani na uangalizi wa mazingira, ilhali uainishaji, mifumo ya mwili na uzalianaji vilisubiri lugha nyingine. Mwalimu wa madarasa ya chini alifunzwa kuhimiza vyoo na vyandarua. Hakufunzwa kueleza kwa nini.

4.0 Uamuzi wa Mwaka 1967 na Sayansi ya Kutenda

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo ulidai kwamba elimu ya msingi iwe elimu kamili kwa wale wasioendelea na sekondari, ambao ndio waliokuwa wengi. Katika mwaka huohuo Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule ya msingi yote, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Kwa uamuzi huo, mada ambazo hapo awali zilikuwa mali ya Kiingereza katika madarasa ya juu, kama vile mmeng'enyo wa chakula, mzunguko wa damu, wanyama wenye uti wa mgongo na wasio na uti wa mgongo, zilihamia Kiswahili. Mwalimu aliyezifundisha kwa Kiingereza alitakiwa azifundishe kwa Kiswahili pasipo kusubiri kamusi. Kamusi ya sayansi ilikuwa bado miaka 23 mbele.

Wakati huohuo mbinu za kufundishia sayansi zilikuwa zinabadilika barani Afrika. Mwaka 1965 ulianzishwa mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ukisaidiwa na kituo cha elimu cha Newton, Massachusetts, Marekani. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki, pamoja na nchi kadhaa za Afrika Magharibi. Mwaka 1970 kazi hiyo ilichukuliwa na asasi ya Kiafrika iliyojulikana kwa kifupi kama SEPA, yenye makao yake Accra, Ghana.

Falsafa ya mpango huo ilikuwa kwamba mtoto ajifunze sayansi kwa kushika vitu na kuuliza maswali. Kimojawapo cha vijitabu vyake kinachokumbukwa kilimhusu yule kiumbe mdogo anayechimba kishimo chenye umbo la faneli katika mchanga mkavu, akajificha chini na kumngoja sisimizi ateleze. Karibu kila mtoto wa kijijini amemchezea, na kila lugha ya Tanzania ina jina lake kwa ajili yake. Kijitabu hakikuanza kwa jina wala kwa uainishaji. Kiliwataka watoto wamuulize kiumbe mwenyewe: je, anachagua mchanga wa aina gani? Anakwenda mbele au nyuma? Mchanga ukilowa atafanya nini? Baadaye tu ndipo mtoto angegundua kwamba yule mchimbaji ni buu, na kwamba akikomaa huota mabawa na kufanana na kereng'ende. Eleanor Duckworth, aliyefanya tathmini ya mpango huo nchini Kenya, alionesha kwamba watoto waliofunzwa kwa njia hiyo walikuwa na mawazo mengi zaidi ya kufanya walipopewa vitu vya kuchunguza.

Kwa mtazamo wa isimu, mpango huo uligusa jambo ambalo waundaji wa istilahi hawakulizingatia vya kutosha. Istilahi nyingi zinazoundwa na kamati ni nomino: mamalia, uchavushaji, usanisinuru, mmeng'enyo. Lakini sayansi ya darasani hutendeka kwa vitenzi. Mwanafunzi hutazama, huchunguza, hupima, hulinganisha, hukadiria, hubashiri na huthibitisha. Katika eneo hili Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote. Vitenzi vyake, pamoja na viambishi vyake vya kutendea, kutendesha na kutendeka, viliweza kueleza jaribio lolote la shule ya msingi kwa ufasaha. Tatizo ni kwamba vijitabu vya mpango huo viliandikwa kwa Kiingereza. Mkufunzi wa chuo cha ualimu aliyevutiwa na mbinu hiyo alilazimika kutafsiri kazi nzima kwa nguvu zake, na zaidi ya yote alihitaji muda, madarasa madogo na uhuru wa kutoka nje na wanafunzi. Muda huo ulikuwa karibu kwisha.

5.0 Walimu wa Elimu ya Msingi kwa Wote

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika kikao chake cha Musoma, iliazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo, kama vile Mpwapwa, Marangu, Butimba na Korogwe, havingeweza kutoa walimu wa kutosha katika miaka mitatu. Njia iliyochaguliwa ilikuwa ya pekee. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa na kufunzwa ualimu vijijini mwao. Walisoma kwa posta na kwa redio, wakasimamiwa na waratibu wa elimu katika kata, wakafundisha madarasa ya chini huku wao wenyewe wakijifunza, na mwishoni wakahudhuria mafunzo mafupi chuoni. Zaidi ya walimu 35,000 walihitimu kwa njia hii kufikia miaka ya mwanzo ya 1980.

Walimu hao wamehukumiwa vikali. Jina la mwalimu wa UPE lilikuja kuwa kama tusi, na kushuka kwa ubora wa elimu kuliwekwa mabegani mwao. Hukumu hiyo inahitaji kupimwa upya, hasa na wanahistoria wa Kiswahili. Kwanza, mafunzo yao yote, pamoja na ya sayansi, yalikuwa kwa Kiswahili. Haijapata kutokea kabla ya hapo kwamba maelfu ya watu wazima wasome maelezo ya viumbe, afya na kilimo katika lugha hiyo kwa lengo la kuwafundisha wengine. Pili, wao ndio waliozifikisha istilahi za sayansi katika vijiji ambavyo kamusi haikufika na pengine haijafika hadi leo. Kama mkulima wa mbali anasema bila kusita kwamba mbu hutaga mayai majini na kwamba viluwiluwi hutoka humo, sehemu ya shukrani inamstahili mwalimu huyo.

Hata hivyo, udhaifu wa mafunzo yao haufichiki. Somo la posta haliwezi kumpa msomaji chura mkononi. Linampa maelezo ya chura. Redio inaweza kulitamka neno amfibia kwa usahihi, lakini haiwezi kuona kwamba msikilizaji amelielewa kuwa ni jina la mnyama mmoja badala ya jina la kundi. Mwalimu aliyefunzwa kwa maelezo naye alifundisha kwa maelezo. Aliandika ubaoni sifa za reptilia, wanafunzi wakanakili, na mjusi aliyekuwa juu ya ukuta wa darasa hilohilo hakutajwa. Kijiji kilikuwa kimejaa viumbe, lakini mafunzo hayakumfundisha mwalimu kwamba viumbe hao ni zana za kufundishia.

6.0 Kamusi na Njia Iliyovunjika

Katika miaka ya 1970 Baraza la Kiswahili lilianza kutoa orodha za tafsiri sanifu, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikachapisha kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa makubwa. Iliwapa waandishi wa vitabu mahali pa kurejea na ilionesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba biolojia ya sekondari. Ndivyo ilivyokusudiwa, kwani mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985.

Pendekezo hilo halikutekelezwa. Serikali iliamua kwamba Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya sekondari. Kwa hiyo kamusi ya mwaka 1990 ilizaliwa katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa umekwisha kufungwa. Darasa pekee lililobaki la kuitumia kila siku lilikuwa la shule ya msingi, na mtu pekee aliyehitaji kuimiliki alikuwa mwanachuo wa ualimu. Lakini kamusi haikuandikwa kwa ajili yake. Ilimpa neno na maana fupi. Haikumpa sentensi za darasani, wala haikumwonya kwamba mwanafunzi tayari ana maana nyingine ya neno hilo.

Wakati huohuo njia ya mwanachuo mwenyewe ilipinda. Walimu wa UPE walikuwa na elimu ndogo, lakini iliyo katika lugha moja. Kadiri sifa za kuingia chuoni zilivyopandishwa hadi kidato cha nne, mwanachuo alikuja akiwa amevuka mto mara mbili. Alijifunza viumbe kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Kisha alijifunza biolojia kwa miaka minne kwa Kiingereza, mara nyingi kwa kukariri. Halafu, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliendeleza Kiswahili kuwa lugha ya mafunzo ya ualimu ngazi ya cheti, alirudi katika Kiswahili ili akafundishe kwa Kiswahili. Maarifa yake ya juu kabisa ya biolojia yalikuwa katika lugha ambayo hangeruhusiwa kuitumia darasani, na Kiswahili chake cha sayansi kilikuwa kile alichokiacha akiwa na umri wa miaka kumi na minne.

Kazi ya chuo ilikuwa kuziba pengo hilo, lakini muda ulipunguzwa. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002 hadi 2006, ambao ulifuatia kufutwa kwa ada na kufurika kwa wanafunzi, mafunzo ya ualimu daraja la A yaligawanywa: mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja wa kufundisha shuleni. Katika mwaka huo mmoja mwanachuo alitakiwa kujifunza masomo mengi, mbinu za kufundishia, saikolojia, maandalio ya masomo na maazimio ya kazi. Elimu ya wanyama ilipata vipindi vichache. Aidha, vitabu vya kiada kutoka kwa wachapishaji mbalimbali havikuafikiana. Vipo vilivyotumia seli na vipo vilivyotumia chembe hai. Vipo vilivyomwita kiluwiluwi wa mbu kwa jina hilo na vipo vilivyopendelea lava. Mwanachuo alihitaji kujua kwamba maneno hayo ni ya kitu kimoja, na mara nyingi hakuna aliyemweleza.

Huko Zanzibar jibu lililochaguliwa lilikuwa tofauti. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Sababu iliyotolewa mara kwa mara katika mijadala ya aina hii ni kumwandaa mwanafunzi kwa sekondari. Lakini uamuzi wa namna hiyo hauondoi pengo, unalihamisha. Pengo lililokuwa kati ya darasa la mwisho la msingi na kidato cha kwanza linasogezwa hadi kwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja, na mwalimu anayetakiwa kumvusha ni yuleyule ambaye chuo hakikumwandaa vya kutosha katika lugha yoyote kati ya hizo mbili. Ni vigumu kudai kwamba Kiswahili kimeshindwa kufundisha elimu ya viumbe, ikiwa mwalimu wake hajapata kupewa kwa pamoja kiumbe, neno na swali.

7.0 Mafunzo Yatokanayo na Historia Hii

Historia iliyoelezwa inaonesha kwamba kila kipindi kilileta sehemu ya jibu. Miaka ya 1920 ilileta hoja ya kuifanya biolojia kuwa kiini cha elimu. Miaka ya 1960 ilileta lugha na mbinu ya kuuliza. Mpango wa UPE ulileta uenezi. Kamusi ya mwaka 1990 ilileta usanifu wa istilahi. Sehemu hizo hazikuwahi kukutanishwa katika chumba kimoja, na chumba ambacho zingeweza kukutania ni darasa la chuo cha ualimu.

Jambo la kwanza linalofuata ni kwamba uainishaji wa viumbe katika Kiswahili ufundishwe waziwazi kwa wanachuo, sambamba na uainishaji wa kisayansi. Mwanachuo anayejua kwamba mdudu wa mtaani na mdudu wa kitabuni ni maana mbili za neno moja hatamcheka mtoto anayemtaja buibui. Atamwomba ahesabu miguu. Anayejua kwamba kiluwiluwi ni jina la watoto wa viumbe wawili atawaweka wote wawili katika mitungi miwili juu ya meza moja.

Jambo la pili linahusu kiumbe mwenyewe. Katika joto la pwani, yai la mbu huweza kufikia mbu kamili katika muda usiozidi wiki mbili. Mtungi wa kioo wenye maji, uliofunikwa kwa kipande cha chandarua, unatosha kuonesha yai, kiluwiluwi, pupa na mbu kabla somo halijasahaulika. Mwanachuo akitazama kwa makini atagundua kwamba kiluwiluwi wa anofelesi, yule aenezaye malaria, hulala sambamba na uso wa maji, ilhali wa kyuleksi huning'inia kichwa chini. Zana hiyo haina gharama, na istilahi zake nne hukaa akilini kwa sababu kila moja ina umbo lake lililoonekana.

Jambo la tatu ni lugha ya kuuliza. Kazi ya istilahi itabaki nusu endapo itaishia katika nomino. Wanaleksikografia na wakufunzi wa vyuo wana sababu ya kuandaa kwa pamoja vitabu vya mwalimu vyenye sentensi za uchunguzi: jinsi ya kumtaka mwanafunzi abashiri, jinsi ya kutofautisha alichokiona na alichokidhani, jinsi ya kueleza kwamba jambo moja limesababisha jingine na si kwamba yametokea pamoja. Kiswahili kina nyenzo zote za kufanya hivyo. Kinachokosekana ni mazoezi yanayowafikia wanachuo.

8.0 Hitimisho

Mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania umeendeshwa kwa muda mrefu kama shindano kati ya Kiswahili na Kiingereza. Elimu ya viumbe inaonesha kwamba shindano hilo limeficha swali lililotangulia, yaani nani anamwandaa mwalimu, kwa muda gani, na akiwa na nini mkononi. Lugha yoyote itaonekana maskini mdomoni mwa mwalimu ambaye alifunzwa majina bila viumbe.

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuupima ustawi wa lugha kwa idadi ya istilahi zilizosanifiwa. Kipimo hicho hakitoshi. Istilahi imesanifiwa kweli pale mtoto wa darasa la nne anapoitumia kubishana na mwenzake, akishika mguu wa panzi na kusema kwamba kupe wa ng'ombe wa baba yake hawezi kuwa mdudu kwa sababu amezihesabu pande zote mbili, nne huku na nne kule. Mwalimu atakayeyawezesha mabishano hayo hutengenezwa chuoni, na wataalamu wa lugha hawana budi kuingia humo pamoja naye.